Sabuni na sukari hazitoshi



Kila tarehe 3 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, parokia zetu hufanya jambo zuri. Wenye ulemavu huketishwa karibu na altare, nyimbo huimbwa, hotuba hutolewa, na mwishoni kila mmoja huondoka na kipande cha sabuni na kilo ya sukari. Tarehe 4 Desemba mambo hurudi yalivyokuwa. Msichana anayechelewa kusema, kijana wa miaka 20 asiyeweza kueleza anakotoka wala anakokwenda, hurudishwa nyuma ya nyumba, na hapo hubaki hadi mwaka unaofuata.

Hatusemi kwamba sabuni ni mbaya. Tunasema kwamba sadaka isiyojua jina la anayeipokea, wala dawa anayokunywa, wala nani atamtunza mama yake akifa, haijawa huduma bado. Na tunalisema hili kwenu ninyi vijana wa Rutshuru, wa Bwisha na wa Bwito, kwa sababu hapa kwetu watu wenye moyo wa kusaidia wapo. Wasiopatikana ni watu wanaoketi pamoja kwenye meza moja na kuulizana: huyu mmoja, sisi sote tunamfanyia nini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili aweza kuwa alikuwa mzima, mwalimu au mfanyabiashara, kisha akaugua. Akitibiwa, aweza kupata nafuu. Mwenye ulemavu wa akili amezaliwa nao au ameupata utotoni. Anajifunza polepole, lakini anajifunza. Anamhitaji mwalimu mvumilivu kuliko anavyomhitaji daktari. Kwa kutojua tofauti hii, familia nyingi hubisha mlango usio wao. Kituo cha Tulizo Letu mjini Goma, cha Mabruda wa Karitasi, hutibu magonjwa ya akili na kifafa, na kazi hiyo ni kubwa. Lakini hakuna kidonge cha kumfundisha mtoto kufunga kifungo cha shati, kuteka maji na kurudi, au kutambua noti ya faranga mia tano. Hayo hufundishwa nyumbani, shuleni na kwenye jumuiya, kwa miaka, na watu wanaomfahamu.

Pili, tukatae uongo juu ya asili ya ulemavu huu. Husababishwa na uzazi uliochukua muda mrefu mno mtoto akakosa hewa, na malaria iliyopanda ubongoni, na homa ya uti wa mgongo, na hitilafu anazozaliwa nazo mtoto bila kosa la mtu yeyote. Wakati mwingine chanzo ni kitu kidogo kama chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa letu la Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta uvimbe wa shingo umeenea sana, hasa upande wa kaskazini, na pamoja nao watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa. Udongo na chakula cha huko vilikuwa na iodini kidogo mno, na mama mjamzito aliyeikosa hakuweza kumpa mtoto tumboni kile ambacho ubongo wake ulikihitaji. Kilichohitajika kilikuwa iodini: mafuta yenye iodini yaliyotolewa kwa sindano, na baadaye chumvi yenye iodini, ile tunayoinunua leo sokoni bila kuiwazia.

Basi wanaomfungia mtoto katika chumba cha maombi, wakamfunga kamba, wakamnyima chakula siku tatu, wakampiga ili pepo amtoke, hatuwezi kuwaita watu wa imani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na inaadhibu. Lakini tuseme ukweli: mzazi hukimbilia chumba cha maombi baada ya kukuta milango mingine imefungwa. Muuguzi alimwambia hakuna dawa. Mwalimu alimwambia mtoto anasumbua darasa. Katekista alimwambia hataweza kujibu maswali ya kipaimara. Anayemkaribisha mwishoni, hata kwa uongo, ndiye anayeonekana kuwa na huruma.

Hapa ndipo lilipo shauri letu. Tazameni jinsi habari za mtoto mmoja zinavyotawanyika katika parokia moja. Muuguzi wa kituo cha afya anajua kwamba ana kifafa. Mwalimu mkuu anajua kwamba aliandikishwa darasa la kwanza mara tatu na mara tatu akatoweka. Katekista anajua kwamba hakuendelea na mafundisho. Karitasi ya parokia inajua kwamba familia yake ilipewa unga. Mkubwa wa kijiji anajua kwamba aliingia katika shamba la jirani na ugomvi ukazuka. Watu watano, kila mmoja ameshika kipande, na hakuna anayemwona mtoto mzima. Mama peke yake ndiye anayevibeba vipande vyote, na kila mlango anaobisha anaanza kusimulia upya tangu siku ya kuzaa.

Wengine hutujibu: hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na hatuiondolei mzigo wake. Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2006 inawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ilitangazwa sheria namba 22/003 inayolinda na kukuza haki zao. Maandishi yapo. Lakini sensa ya mwisho ya watu wote wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984, kabla hata baadhi ya wazazi wenu hawajazaliwa. Serikali isiyojua idadi ya raia wake itajuaje kwamba katika kijiji fulani yupo kijana mwenye ulemavu wa akili asiye hata na cheti cha kuzaliwa? Tutakapokwenda kudai haki mbele ya ofisi ya Mambo ya Jamii, twende na orodha mkononi. Anayedai kwa ajili ya watu asioweza kuwahesabu hujibiwa kwa ahadi.

Wengine husema: tusubiri amani kwanza. Jibu hili linatuumiza zaidi, kwa kuwa vita vyenyewe vimeonyesha ubaya wa kusubiri. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mapigano yalifika Rutshuru na Kiwanja. Familia zilishuka kwa miguu kupitia Rugari na Kibumba hadi Kanyaruchinya. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma penyewe, na mwezi Februari kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Mwenye ulemavu wa akili hupitaje katika njia kama hiyo? Bunduki zikilia, aweza kujificha chini ya kitanda wakati wengine wanakimbia. Kwenye barieri huulizwa jina na anakotoka. Akinyamaza, ukimya wake huchukuliwa kuwa kiburi au ujanja, na hilo laweza kumgharimu uhai. Akipotezana na wazazi, hawezi kutaja kijiji chake. Dawa yake ya kifafa hukatika ghafla njiani, na kila muuguzi anajua kwamba kuikata ghafla huleta degedege kali kuliko la mwanzo. Kama jirani wawili tu wangekuwa wanajua jina lake, dawa yake na namna ya kumtuliza, asingetegemea mama mmoja aliyebeba wadogo zake mgongoni. Kwa hiyo vita ni sababu ya kuanza mapema.

Wengine tena husema: wapelekwe Goma, wapelekwe Bukavu, kuna vituo huko. Vipo, na tunavishukuru: Shirika la Umoja mjini Goma, Heri Kwetu mjini Bukavu. Lakini kutoka Rutshuru hadi Goma ni kilomita 70 hivi za barabara ambayo kila mmoja wenu anajua ilivyo, na kituo kimoja hakiwezi kupokea watoto wa mkoa mzima. Tena mtoto anayefundishwa mbali kisha akarudi katika kijiji kisichomfahamu hurudi kuwa mgeni. Vituo hivyo vitufae kama walimu wetu: vitufundishe sisi, nasi tufundishe kwetu. Visigeuzwe mahali pa kuwapeleka watu ili tusiwaone.

Kanisa la mwanzo lilikutana na shida ya namna hii. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa kundi moja walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Chakula kilikuwepo, na wema ulikuwepo. Mitume hawakuhubiri juu ya ukarimu, wala hawakuomba michango zaidi. Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo kwa majina yao. Tangu hapo, kupanga huduma ili asisahauliwe mtu kumekuwa kazi takatifu, inayowekewa mikono. Mkiambiwa kwamba daftari na mikutano ni mambo ya ofisi yasiyo na roho, kumbukeni wale saba.

Kwa hiyo tunazitaka parokia zifanye mambo matatu, na tunawataka ninyi vijana muwe wa kwanza kuyadai na kuyatenda.

La kwanza ni daftari moja. Kila jumuiya ya msingi iandike watu wake wenye ulemavu wa akili, kwa ridhaa ya wazazi: jina, umri, anayemtunza, dawa, anachoweza kufanya, kinachomtisha. Isizidi hapo. Katika nchi yenye silaha nyingi, orodha ya watu wanyonge yaweza kuwa hatari. Kwa hiyo kila jumuiya ishike majina ya watu wake tu, daftari la jumla litunzwe na paroko pamoja na Karitasi, na asipewe mtu yeyote wa siasa wala mpiga picha wa mradi.

La pili ni wasindikizaji. Kila familia ipewe vijana wawili, si mmoja. Wawe wawili kwa sababu kazi ni ndefu, na kwa sababu wasichana wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kimwili kuliko wengine, mara nyingi na watu waliojiita wasaidizi. Mtu yeyote asikae naye peke yake mahali pa faragha. Wasindikizaji si madaktari. Kazi yao ni kufuata: kwenda na mama kituo cha afya, kumkumbusha mwalimu, kupeleka habari za uzazi kwenye ofisi ya kiraia ndani ya siku 90 ambazo sheria inatoa bila malipo, kukaa na mtoto nusu siku ili mama aende shambani. Kwa Wana-Xaveri, Kiro na Kizito-Anuarite, mnaojua kutembea pamoja na kutunza wadogo, kazi hii si ngeni.

La tatu ni meza moja, mara moja kwa mwezi: muuguzi, mwalimu mkuu, katekista, mtu wa Karitasi, mkubwa wa kijiji, wasindikizaji, na wazazi wasiopungua wawili. Lisomwe jina moja baada ya jingine. Kwa kila jina liulizwe: nani alipaswa kufanya nini, na je, kimefanyika? Katekista asije na udhuru. Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa inamwagiza paroko kuhakikisha kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Hiyo ni haki yao, na asiyeweza kukariri majibu aweza kujua kwamba mkate ule si mkate wa kawaida.

Mtatuuliza fedha zitoke wapi. Daftari na kalamu ni bei ndogo kuliko sukari ya tarehe 3 Desemba. Kilicho ghali ni muda, na uaminifu wa kurudi mwezi wa pili, wa kumi, wa thelathini, wakati hakuna hotuba wala picha.

Wazazi wa watoto hawa wana swali moja wanaloliuliza kwa sauti ya chini: nikifa, atabaki na nani? Shangazi hana jibu, Serikali haina jibu, wala mradi wa miezi sita hauna jibu. Jumuiya yaweza kuwa nalo, ikiwa imeandika jina na kuwataja watu wawili.

Basi kabla ya tarehe 3 Desemba ijayo, kila kikundi cha vijana kimwendee paroko wake na maswali matatu: ni wangapi, wanaitwa nani, na nani anamfuata kila mmoja? Parokia isiyoweza kujibu, mwaka huo isigawe sabuni. Itumie siku hiyo kuandika majina.