Nyankunde: Mzazi, nenda uwanjani ukamwangalie mwanao

Wazazi wengi wa Nyankunde, katika eneo la Irumu jimboni Ituri, hawana muda wa mpira. Kwa mama anayerudi shambani na jembe begani, mtoto aliyekimbilia uwanjani saa kumi jioni ni maji ambayo hayajatekwa. Kwa baba, ni viatu vinavyochakaa na daftari lisilofunguliwa. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini mzazi anayesema mpira haumhusu asisahau kwamba mtoto anamhusu.

Mara nyingi mapenzi hayo huanza kwa bahati tu. Mama anapita kando ya uwanja, anasikia jina la mwanawe likiitwa, anasimama. Hajui kuotea ni nini. Anashangilia bao lililokataliwa, watoto wanamcheka. Jioni anauliza kwa nini mwamuzi alilikataa. Mtoto ambaye akiulizwa habari za masomo hujibu kwa neno moja, sasa anaeleza mpaka chakula kinapoa. Siku hiyo mwalimu ni mtoto, mwanafunzi ni mzazi.

Nyankunde ina sababu ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Septemba 2002, kwa mujibu wa Human Rights Watch, zaidi ya watu 1,000 waliuawa hapa, na hospitali ikaporwa. Mei 2021 serikali iliiweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi kwamba makundi hayo huingiza watoto katika vita.

Mpira hauzuii risasi, na asiwepo wa kuwadanganya wazazi. Lakini mzazi anayejua mwanawe anacheza namba ngapi, anatembea na nani na kocha wake ni nani, atashtuka siku ya kwanza asipoonekana. Yule asiyejua atashtuka baada ya wiki, pengine akiwa amechelewa.

Wachezaji wa taifa wenyewe walionyesha kwamba uwanja si mahali pa mchezo tu. Februari 7, 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire mjini Abidjan, Leopards waliziba midomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bunduki, kuukumbusha ulimwengu mateso ya mashariki mwa Congo. Walifungwa 1-0, lakini ujumbe ulifika.

Na wasichana wasiachwe jikoni. Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika nchini Morocco kwa kuifunga AS FAR 1-0. Wachezaji wale nao walianza wakiwa watoto wa mtu.

Basi nyumbani pawe na mapatano: maji yatekwe na masomo yaangaliwe kwanza, kisha mtoto aende kucheza. Mzazi naye atimize upande wake. Aache jembe nusu saa, asimame kando ya mstari, amwite mwanawe kwa jina. Sheria za mchezo atafundishwa wakiwa njiani kurudi nyumbani.