Mwaka wa Kutengenezwa Hauangushi Ndege

Kila ndege ndogo inapoanguka nchini Kongo, hukumu hutolewa kabla wachunguzi hawajafika: ilikuwa imezeeka. Hayo husemwa redioni, husemwa kwenye taksi-basi za Lubumbashi, na haipiti siku nyingi mwanasiasa hujitokeza kudai ndege zote zilizopita umri fulani zipigwe marufuku. Majeneza yarukayo, ndivyo tunavyoziita. Maneno hayo humpoza mwenye hasira, lakini ni uongo, na uongo huo unawakinga walewale wanaotuua.

Tuanze na ndege mpya. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala usiku na kuanguka muda mfupi baadaye. Watu wote 114 walikufa. Ndege haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini, na haikuwa mbovu: marubani walipoteza mwelekeo gizani, ikalala upande bila wao kutambua. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines, yenye umri wa miezi minne, ilianguka ikielekea Nairobi na kuua watu 157. Programu iliyokuwa ikiisukuma pua yake chini ilikuwa mpya sawa na ndege yenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Januari 1996, Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka N'Dolo, Kinshasa, ikaparamia soko na kuua watu zaidi ya 200. Agosti 2010, Let 410 ilianguka Bandundu. Manusura pekee alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alichomoka, abiria wakakimbilia mbele na ndege ikapoteza mizani. Februari 2012, Augustin Katumba Mwanke, aliyewahi kuwa gavana wetu wa Katanga, alikufa Kavumu, karibu na Bukavu, ndege ya kifahari aliyopanda ilipopitiliza njia ya kutua. Katika misiba hiyo mitatu, mwaka wa kutengenezwa umeingia wapi?

Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika ya Kongo kwenye orodha yake nyeusi tangu 2006. Wengi wetu tunaamini sababu ni ukuukuu wa ndege. Sivyo. Sababu iliyoandikwa ni kwamba mamlaka yetu haisimamii usalama inavyopaswa. Kwa hiyo shirika lenye leseni ya Kongo likinunua ndege mpya kabisa kesho asubuhi, jioni bado litakuwa kwenye orodha ileile.

Ndege huchakazwa na saa ilizoruka, idadi ya mara ilizotua, kutu, na mikono ya walioishika. Aprili 2018, ndege ya mafunzo aina ya Piper iling'oka bawa ikiwa hewani huko Daytona Beach, Florida, na waliokuwamo wawili wakafa. Ilitengenezwa mwaka 2007, lakini ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,600, nyingi zikiwa za wanafunzi wanaojifunza kutua. Mhimili wa bawa ulikuwa umepata ufa wa uchovu wa metali. Mwaka uliofuata, Cessna 210 ya miaka ya 1970 ilipoteza bawa nchini Australia katika kazi ya upimaji. Ufa wake ulianzia kwenye kitundu kidogo cha kutu. Moja changa, nyingine kuukuu, na ugonjwa mmoja: ufa ambao haukuonekana mapema. Jibu la wenye akili halikuwa kuzifukuza ndege zote za umri ule. Waliagiza mihimili ikaguliwe kwa vifaa vinavyoona ufa ambao jicho halioni.

Nyanyua zulia chini ya kiti cha rubani katika Cessna 206 ya zamani. Utaona reli mbili zenye matundu, na pini ya kiti huingia humo ili kiti kisiteleze. Miaka ikipita matundu hulika na kurefuka. Siku moja ndege inapaa, pua iko juu, pini inachomoka, kiti kinarudi nyuma, na rubani aliyeshika usukani anauvuta kwake bila kutaka. Pua inapanda zaidi, kasi inaisha, ndege inaanguka. Mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza reli hizo zikaguliwe tangu 1987. Ukaguzi wenyewe ni wa kupima matundu kwa chombo kidogo cha mkononi, na reli iliyolika hubadilishwa. Ndege kuukuu yenye reli mpya ni salama kuliko changa kidogo yenye reli iliyolika, lakini ukiuliza umri tu, hutaitofautisha moja na nyingine.

Wanunuzi wana imani nyingine, pacha wa hii: ndege iliyoruka saa chache ndiyo bora. Muulize fundi yeyote wa injini za Lycoming. Injini iliyolala masika mawili bila kuwashwa huota kutu kwenye kamshafti, na kutu hiyo husaga chuma siku itakapoamshwa. Iliyoruka kila wiki kwa miaka 40, ikabadilishiwa oili kwa wakati na kichujio chake kikapasuliwa kutafuta vipande vya chuma, huishi vizuri zaidi.

Mkazi wa Lubumbashi anayenunua gari lililotumika, lililoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, hulala chini yake, husikiliza injini, huvuta kijiti cha oili. Haridhiki na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi. Lakini mtu huyohuyo, ikija ndege, huona rangi mpya na skrini kubwa mbele ya rubani, akasema imefanywa upya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Skrini haizuii ufa.

Kuboresha ndege ya zamani kuna utaratibu wake. Kwanza kinachoishikilia hewani: mhimili, nyaya za usukani, injini, rafadha, matangi. Pili kinachomlinda mtu ndege ikianguka: mikanda ya mabega, ambayo ndege nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila kuwa nayo. Tatu kinachowasaidia waokoaji kukupata: tangu Februari 2009 setilaiti za uokoaji hazisikilizi tena masafa ya megahezi 121.5, zinasikiliza 406, na ndege yenye kifaa cha zamani cha ishara ya dharura ikitumbukia msituni haitasikika angani. Mwisho kabisa ndipo zije skrini. Na palipo na uhaba wa petroli ya ndege, kama kwetu, kuna injini za dizeli za Cessna 172 na injini za tabo za Cessna 206 zinazotumia mafuta ya jeti yaleyale ya ndege kubwa.

Watasema: Kongo si Marekani, hapa daftari la matengenezo hughushiwa. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini anayeghushi saa za injini atashindwa kughushi mwaka? Na nchi isiyoweza kukagua ndege kuukuu itaikaguaje mpya? Itaichakaza tu, kisha itaomba nyingine.

Tena marufuku hiyo ya umri italipiwa na nani? Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za pistoni mwaka 1986 na kuuanza tena 1996, hivyo nyingi zinazoruka leo duniani ni za kabla ya hapo. Cessna 172 mpya huuzwa zaidi ya dola 400,000, na Cessna Caravan mpya hupita milioni 2. Ukizifungia za zamani, mpya hazitakuja. Hapatakuwa na ndege. Tajiri wa migodi atapanda jeti yake kutoka uwanja wa Luano. Mjamzito wa Lukafu, chini ya Kundelungu, atabaki na barabara ya matope ya Januari. Wamishonari wamebeba wagonjwa wa Katanga kwa ndege ndogo za aina hii kwa miaka mingi, wala si kwa sababu zilikuwa mpya.

Basi Mamlaka ya Anga ya Kongo iache kuhesabu miaka, itangaze hadharani, kwa namba ya kila ndege, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kasoro zilizoonekana na kama zilirekebishwa. Wabunge waipe pesa za wakaguzi badala ya kuandika sheria za umri. Na wewe abiria, unayelipa ada ya Go-Pass uwanjani kila safari, uliza maswali matatu kabla hujapanda: nani alikagua, lini, na mzigo umepimwa? Asiyeweza kukujibu, usipande ndege yake, hata kama imetoka kiwandani jana.