Kijana wako wa kompyuta ana wenzake?

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu saa nne usiku. Kwa kawaida huyu hutuma meseji tu, tena ya maneno mawili, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Shikamoo shangazi. Bosi anataka nimtolee namba za wateja wote kwenye mfumo, niziweke kwenye flashi. Kuna watu wa mikopo wanazitaka."

Ana miaka 24. Katika ofisi ile ya watu tisa, mtu wa kompyuta ni yeye peke yake. Mkataba ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na dawa za presha za mama yake zinatoka kwenye mshahara huohuo.

Mzazi mwenzangu, daktari akilazimishwa kufanya lisilofaa, anajua lipo baraza la madaktari. Mwanasheria ana chama chake, mhandisi ana bodi inayomsajili. Wa kompyuta je? Tunamnunulia laptopu kwa mkopo wa kikoba, tunahangaika na ada, akipata kazi tunapiga vigelegele. Hatumuulizi ana wenzake gani.

Mimi sikuwa na jibu. Nilimwambia alale kwanza, asiguse kitu.

Aliyemsaidia ni kaka mmoja mzoefu aliyemfahamu kwenye kikundi cha waandika programu. Alimweleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kwamba ipo tume inayoisimamia. Kisha akamwambia jambo ambalo mimi nisingeliwaza: mwombe bosi agizo hilo kwa maandishi. Kijana akaandika baruapepe ya mistari mitatu, ya heshima kabisa. Bosi hakujibu, na habari ya flashi ikaishia hapo.

Hiyo ndiyo kazi ya chama cha wanataaluma. Wenzetu walianza zamani: ACM ya Marekani ilianzishwa mwaka 1947, BCS ya Uingereza mwaka 1957. ACM ina kanuni za maadili, zilizopitiwa upya mwaka 2018, zinazomtaka mtu wa kompyuta aheshimu faragha na aepuke kudhuru watu. Inapokea hata wanafunzi, popote walipo. Hapa kwetu Tume ya TEHAMA inasajili wataalamu, na mwanao akisajiliwa ni vizuri. Lakini tume ni chombo cha serikali. Mtu wa kumpigia saa nne usiku utampata kwa wenzako wa kazi.

Najua kuna wazazi wanaohofia kwamba vyama vitageuka geti la kuwafungia nje waliojifunza wenyewe bila cheti. Hofu hiyo si ya bure. Kenya walikuwa na muswada wa kutaka watu wa TEHAMA wasajiliwe na kupewa leseni. Vijana wengi waliupinga, na mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuusaini. Binafsi naona walikuwa na haki. Kuna watoto wetu waliojifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kazi zao zinaonekana. Chama ninachokitaka mimi ni kile ambacho mtoto wa namna hiyo anaingia na kukuta wakubwa zake.

Mkataba haukuongezwa. Sitakuficha, miezi miwili ile ilikuwa migumu, na wifi yangu aliniuliza zaidi ya mara moja kama kijana hakuharakisha. Kazi aliyonayo sasa, ya kutunza mfumo wa zahanati, alielekezwa na watu wa kikundi kilekile.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hashindi nyumbani. Anapiga pasi shati tangu asubuhi. Mama yake alidhani amepata mchumba, kumbe ni mkutano.