Mishale ya New York iliyoishiwa makali

Ndugu msomaji, tukitaja kandanda ya Marekani ya miaka ya sabini, jina linalotujia mdomoni mara moja ni Cosmos, ile timu ya New York iliyomleta Pele mwaka 1975. Sina ugomvi na hilo. Lakini katika eneo hilo hilo la New York kulikuwa na timu nyingine ya soka iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo, kisha ikafa kabla haijatimiza miaka saba. Jina lake lilikuwa New York Arrows, yaani Mishale, na soka yake ilichezwa chini ya paa.

Huenda wewe kijana unajiuliza soka ya namna hiyo huchezwaje. Chukua uwanja wa hoki ya barafuni, wenye urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 26. Juu ya barafu hutandikwa zulia la nyasi bandia. Pembeni pote pamezungushwa ukuta wa mbao na vioo vizito vya plastiki, na lango limejengwa ndani ya ukuta huo, upana wake siku hizo ulikuwa mita tatu na nusu hivi na kimo mita mbili. Kila upande una wachezaji sita, kipa akiwa mmoja wao. Mpira ukigonga ukuta haujatoka. Unarudi na mchezo unaendelea, hivi kwamba mchezaji mjanja huweza kujipigia pasi mwenyewe ukutani na kumwacha beki akishangaa. Wachezaji hubadilishwa mchezo ukiendelea, wakati wowote na mara nyingi mwalimu atakavyo, maana mbio zake hazina pumzi. Anayecheza rafu hutolewa nje dakika mbili akae kwenye kibanda cha adhabu, na wenzake wanabaki wakihangaika kwa upungufu. Mchezo una vipindi vinne vya dakika 15. Na mpira wenyewe siku hizo ulikuwa mwekundu!

Utaona basi kwamba mabao hayakuwa haba. Sare ya bila kwa bila, ambayo sisi tumeivumilia mara ngapi tukirudi nyumbani na njaa, haikujulikana huko. Wenye ligi walijua Wamarekani hupenda kuona hesabu ikipanda.

Ligi hiyo, iliyoitwa Major Indoor Soccer League au MISL kwa kifupi, iliasisiwa na Earl Foreman na Ed Tepper, ikaanza na timu sita tu: New York, Cincinnati, Cleveland, Houston, Philadelphia na Pittsburgh. Mchezo wa kwanza ulipigwa Desemba 22, 1978, katika ukumbi wa Nassau Coliseum huko Uniondale, Long Island. Aliyepiga mpira wa kwanza alikuwa Pete Rose, nyota wa besiboli aliyekuwa na hisa katika timu ya wageni, Cincinnati Kids. Watu 10,386 walihudhuria. Arrows waliwanyuka wageni wao 7-2. Kids wenyewe hawakufika mbali. Msimu huo ulipokwisha nao walikwisha.

Arrows hawakuokotwa ovyo. Sehemu kubwa ya kikosi, pamoja na mwalimu Don Popovic, ilitoka Rochester Lancers, klabu ya nje ya mji wa Rochester katika jimbo hilo la New York. Golini alisimama Shep Messing, msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyekuwa katika kikosi cha Marekani kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na aliyekuwa kipa wa Cosmos walipotwaa ubingwa pamoja na Pele mwaka 1977. Baadaye akaja kijana Branko Segota, mzaliwa wa Yugoslavia aliyelelewa Kanada, ambaye mwaka 1986 aliichezea Kanada katika Kombe la Dunia.

Lakini moyo wa timu ulikuwa mtu mmoja, Steve Zungul, na kisa chake ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Zungul alikuwa mshambuliaji wa Hajduk Split na wa timu ya taifa ya Yugoslavia. Wakati huo sheria za nchi yake zilikuwa kali: mchezaji hakuruhusiwa kuhamia ng'ambo kucheza kwa malipo mpaka atimize miaka 28, na sharti awe amekwisha kulitumikia jeshi. Zungul alikuwa na miaka 24. Desemba 1978 alisafiri kwenda Marekani, na hakurudi. Wakubwa wa soka wa Yugoslavia walikasirika, na marufuku ikatolewa kupitia FIFA: Zungul asicheze katika klabu yoyote iliyo chini ya shirikisho hilo, popote duniani.

Fikiria jambo hilo, msomaji. Hapa kuna fundi wa miguu aliye katika ujana wake wote, na kila uwanja wenye nyasi umefungwa mbele yake. Hata Cosmos wasingeweza kumgusa, kwa kuwa ligi yao ilikuwa chini ya FIFA. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, nao ulikuwa wa ligi changa ya ukumbini ambayo FIFA haikuwa na mamlaka juu yake. Akaingia.

Msimu wake wa kwanza alicheza michezo 18 akafunga mabao 43. Msimu uliofuata alifunga 90. Mwaka 1980-81 akatia wavuni mabao 108 katika michezo 40, na mwaka uliofuata 103. Unaweza kusema lango ni dogo na kuta zinasaidia, na ni kweli, lakini wote walicheza katika kuta hizo hizo na hakuna aliyemkaribia.

Ubingwa ulikuja kama mvua ya masika. Mwaka 1979 Arrows waliwafunga Philadelphia Fever katika fainali, mwaka 1980 wakawashinda Houston, mwaka 1981 wakawazima St. Louis Steamers 6-5 mbele ya mashabiki wa St. Louis wenyewe, na mwaka 1982 wakawapiga Steamers hao hao tena, safari hii kwa michezo mitatu kwa miwili.

Sasa sikiliza kioja. Ukumbi huo wa Nassau ulikuwa na wapangaji wengine, New York Islanders wa hoki ya barafuni. Nao walitwaa Kombe la Stanley mara nne mfululizo, kuanzia 1980 hadi 1983. Jengo moja, timu mbili, mataji manane katika muda wa miaka mitano. Islanders walishangiliwa mpaka sauti zikakauka. Arrows walicheza mbele ya viti vingi vitupu.

Kwa nini? Kwanza ni mahali. Uniondale ni yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji la New York. Ni kama kumwambia mtu wa Nairobi aende Thika usiku wa baridi kali kuangalia mchezo ambao hata jina lake hajalizoea. Mitaa ya wahamiaji kutoka Ulaya na Amerika Kusini, walioipenda soka tangu utotoni, ilikuwa mbali, na wengi wao waliidharau soka ya kugongeshwa ukutani. Wenyeji wa Long Island nao walikuwa tayari wamempata mchumba, na mchumba huyo alikuwa hoki.

Pili, tazama St. Louis, timu waliyoifunga mara mbili katika fainali. Steamers walijaza ukumbi wao kwa mashabiki wapatao 17,000 kila mchezo msimu wa 1981-82. Kikosi chao kilikuwa na vijana wengi waliozaliwa na kukulia mji huo huo, na mji wenyewe umecheza soka kwa vizazi kadhaa. Mzazi alimpeleka mwanawe kumtazama kijana wa jirani. Kikosi cha Arrows kilitegemea zaidi Wayugoslavia na wageni wengine. Walikuwa hodari kuliko wote, ila hawakuwa na shangazi wala binamu katika viti vile. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha habari hii, maana kombe peke yake halilipi kodi ya ukumbi.

Ukata ulipozidi, wenye timu walifanya lile ambalo wenye timu hufanya. Januari 1983 walimuuza Zungul kwa Golden Bay Earthquakes wa California. Mwalimu Popovic naye akaishia huko huko. Mishale iliyobaki haikuwa na ncha. Hawakutwaa ubingwa tena, na mwaka 1984 timu ikavunjwa.

New York haikukata tamaa haraka. Cosmos, ambao ligi yao ya nje ilikuwa inakata roho, walijiunga na MISL msimu wa 1984-85, wakajitoa Februari 1985 kabla msimu haujaisha. Mwaka 1986 ikaundwa New York Express katika ukumbi ule ule wa Nassau, na Shep Messing, kipa wetu wa zamani, akiwa mmoja wa wenye timu na mlinda lango pia. Express walicheza michezo 26, wakashinda mitatu, wakafunga duka Februari 1987. MISL yenyewe ilizimika mwaka 1992.

Na Zungul? Huko California hatimaye aliruhusiwa kucheza nje, akiwa na karibu miaka 29. Mwaka 1984 aliongoza kwa mabao na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya nje ya Amerika Kaskazini, ule ule mwaka ambao ligi hiyo ilicheza msimu wake wa mwisho. Akarudi chini ya paa, akachezea San Diego Sockers na Tacoma Stars, na alipotundika viatu hesabu yake katika MISL ilikuwa mabao 652. Yale ambayo angeifungia Hajduk na Yugoslavia katika miaka ile mitano ya kufungiwa, hayo hayamo katika hesabu.

Tukutane Jumapili ijayo.