Damu Baada ya Kukoma Hedhi Si Hedhi Iliyorudi

Mama aliyekoma hedhi akiona damu, hedhi haijarudi. Hiyo ni dalili.

Tone moja linatosha.

Nawaambia akina mama wa Rusizi: wa soko la Kamembe, wa mashamba ya mpunga Bugarama, wanaovuka daraja na mizigo kwenda Bukavu. Nawaambia na waume na watoto wao, maana ndio watakaoombwa nauli.

Saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba huonyesha dalili mapema. Wagonjwa kama 9 katika kila 10 hutokwa na damu isiyo ya kawaida. Wengine huona majimaji yenye wekundu hafifu, au doa la kahawia kwenye nguo ya ndani. Haliumi. Kutouma ndiko kunakowaponza. Maumivu ya nyonga, tumbo kujaa na kukonda mara nyingi huja ugonjwa umeshasambaa.

Kweli, mara nyingi damu hiyo si saratani. Lakini hakuna ajuaye kwa kuangalia kitambaa.

Kipimo cha shingo ya kizazi si kipimo cha ugonjwa huu. Chanjo ya HPV, wanayopewa wasichana wa Rwanda tangu 2011, haiuzuii. Umeambiwa shingo iko safi na damu bado inatoka? Bado hujapimwa.

Kinachotakiwa ni kipande cha utando wenyewe, kichunguzwe kwa hadubini. Aina iliyozoeleka hukua taratibu, na huwaandama zaidi wanene, wenye kisukari na wasiozaa. Aina iitwayo serasi ni kali. Huota hata kwenye utando mwembamba, ikasambaa tumboni mapema. Kwa hiyo ultrasaundi ikionyesha utando mwembamba na damu ikarudi, kipande kichukuliwe.

Saratani ikikutwa ingali ndani ya mji wa mimba, upasuaji wa kuutoa huponya wengi. Ikishafika mapafuni au kwenye ini, wengi hawamalizi miaka mitano.

Nenda kituo cha afya wiki hii. Sema waziwazi: nilikoma hedhi, natokwa na damu. Omba barua ya rufaa ya hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, kwani bima ya mutuelle hufuata barua. Wakikutuma Huye au Kigali, panda basi, msitu wa Nyungwe usikutishe. Ikihitajika tiba ya mionzi, ipo Kanombe, Kigali, tangu 2019.

Ukipewa dawa ya kukausha damu bila kipimo, rudi ukadai kipimo.

Na damu ikikatika yenyewe kabla ya siku ya miadi, nenda vilevile.