ELIMU YA MIMEA: Mahindi na Maharagwe Si Ndugu

Katika mashamba mengi ya Eldoret mahindi na maharagwe hupandwa pamoja, hata mtu aweza kudhani kuwa ni ndugu. La, ni majirani tu. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa tofauti yao, lakini wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Juma hili twataka kuonyesha kwamba tofauti hiyo yaweza kuokoa shamba au kuliangamiza.

Twaa punje ya mahindi na mbegu ya haragwe, uziloweke usiku kucha. Asubuhi limenye haragwe, nalo litagawanyika vipande viwili vinene. Hayo ndiyo majani ya mbegu, na ndani yake mna akiba ya kulisha mche. Punje ya mahindi haigawanyiki hivyo, kwa kuwa ina jani la mbegu moja tu, na sehemu kubwa ya akiba yake imewekwa kando ya jani hilo. Mimea ya namna ya mahindi huitwa monokotiledoni. Ya namna ya maharagwe, daikotiledoni.

Alama za makundi haya zimeenea mwilini mote. Mahindi, ngano na nyasi zote zina majani marefu yenye mishipa iliyokwenda sambamba, na mizizi mingi kama ndevu. Ukilikata shina la hindi utaona mishipa imetawanyika ovyo. Maharagwe na sukuma wiki ni kinyume chake: mishipa ya jani imesukwa kama wavu, mzizi mkuu ni mmoja wenye matawi, na mishipa ya shina imepangwa mduara.

Sasa angalieni faida ya elimu hii. Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, huua magugu yenye majani mapana, bali mahindi na ngano huzisaza. Mimea ya jamaa ya nyasi huweza kuivunja nguvu dawa hiyo. Ile yenye majani mapana haiwezi, bali hukua kwa fujo, mashina yakapinda, mishipa ikaharibika, nayo ikafa.

Basi mkulima aliyepanda mahindi na maharagwe pamoja, akainyunyiza dawa hiyo, ataondoa magugu na maharagwe yake kwa pamoja. Na yule wa ngano atashangaa kuona nyasi mwitu zingali zimesimama katikati ya shamba, kwani hizo ni jamaa ya ngano yenyewe.

Kwa hiyo, enyi vijana, kabla ya mzazi kufungua chupa ya dawa, someni maandishi yaliyobandikwa juu yake, kisha mwende shambani mkatazame majani. Mwenye macho haambiwi tazama.