Mtoa Hongo Si Mhanga

Tangu maandamano makubwa ya Manila dhidi ya rushwa ya Septemba 21, 2025, nimechoka kusikia wimbo mmoja: eti Wafilipino ni watu wema waliotekwa na viongozi wezi. Juzi rafiki yangu, tena msomi, kaurudia mbele yangu kwa uchungu. Nilimwambia hapohapo kwamba anajidanganya.

Wezi wapo, nani anabisha? Rais Ferdinand Marcos Jr. mwenyewe alitangaza kwamba karibu peso bilioni 100 za miradi ya kuzuia mafuriko ziliangukia mikononi mwa makandarasi 15 tu. Agosti 2025 alikwenda Baliwag, mkoani Bulacan, kukagua ukuta wa mto uliogharimu peso milioni 55. Kwenye makaratasi ukuta ulikuwa umekamilika na fedha zimelipwa. Mtoni hapakuwa na ukuta.

Lakini wezi hawa hawakushuka na mvua. Wamechaguliwa! Joseph Estrada aling'olewa urais na umma Januari 2001. Mwaka 2007 mahakama ikamtia hatiani kwa kupora mali ya umma, kisha akasamehewa. Mwaka 2010 aligombea tena urais akashika nafasi ya pili, na 2013 wakazi wa Manila wakampa umeya. Hukumu ilikuwa hadharani, na kura walipiga wao.

Tena kura yenyewe mara nyingi imeshalipiwa. Karatasi ya mfano wa kura hupitishwa nyumba kwa nyumba, noti imebanwa kwa pini, na mwenye nyumba anapokea. Sheria ya uchaguzi ya 1985 inamtia hatiani mnunuzi na muuzaji pia. Sasa tuulizane: aliyemwaga fedha mtaa mzima atazirudishaje? Kwa mshahara? Atazirudisha kwa ukuta wa Baliwag. Noti ile ni malipo ya awali ya ukuta usiojengwa, na aliyeipokea ameusaini mkataba.

Ni hivyohivyo kwa vishoka, madalali wa njia ya mkato, wanaozunguka nje ya ofisi za leseni za udereva. Sheria ya 2018 inataka shughuli rahisi ya serikali imalizike ndani ya siku 3 za kazi, na kishoka anaweza kufungwa hadi miaka 6. Mbona bado wapo? Kwa sababu wana wateja. Mteja huyo ndiye anayebeba bango dhidi ya rushwa Jumapili, na Jumatatu ananunua leseni bila kufanya mtihani.

Utetezi wa wateja hao? Foleni ni ndefu! Mtu mzima anajiingiza barabarani na gari asilojua kuliendesha, watoto wa wenzake wanavuka, na sababu yake ni kwamba alichoka miguu. Utetezi huo hata mtoto wa shule angeona haya kuutoa.

Ukitaka kuiona tabia hii mchana kweupe, nenda barabara kuu ya EDSA, katika eneo la Manila, kwenye njia iliyotengwa kwa mabasi. Wenye magari binafsi wanaingia humo wanavyotaka, ingawa faini ya kosa la kwanza ni peso 5,000. Waheshimiwa wamo, na wapanda pikipiki wa kawaida wamo pia. Abiria wa basi, aliyefuata utaratibu, ndiye anayecheleweshwa. Hilo linaniudhi kuliko hotuba zote za wanasiasa.

Wakubwa wafungwe, na mali zao zitaifishwe. Lakini anayetaka nimwamini anapolia rushwa aikatae noti mlangoni, asimame kwenye foleni kama wenzake, na akifeli mtihani wa udereva arudi akajifunze. Mei 2028 Wafilipino watachagua rais mwingine, na noti zitatembezwa tena. Atakayepokea asije akamlilia mtu maji yakimfika kitandani. Ameshalipwa.